Pa Kulala Athene Kabla ya Kupanda Merikebu

Walimu watatu wametuandikia kutuuliza habari za safari tuliyofanya mwezi wa Oktoba, 2025, kwenda kuona nchi alizopita Mtakatifu Paulo. Hawaulizi habari za Efeso wala za Patmo, ambazo tutazieleza mwezi ujao, Mungu akipenda. Wote wauliza neno moja: kabla ya kupanda merikebu mlilala wapi, na mahali penyewe mlipachaguaje? Tuliposoma barua zao tulicheka kidogo, kwa kuwa neno hilo ndilo lililotugombanisha sisi wenyewe muda wa miezi minne, kuliko nauli, kuliko visa, kuliko hata shauri la nani abaki nyumbani kuangalia shule. Basi twajibu.

Merikebu ya matembezi si kama chombo cha kuvukia. Abiria hula humo na kulala humo, nayo huenda bandari hata bandari. Asubuhi watu hushuka kutazama nchi, na jioni hurudi vyumbani mwao. Yetu ilikuwa ya siku nne, kuondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa, nayo ilipita Mykonos, na Kusadasi iliyo karibu na magofu ya Efeso, na Patmo, na Krete, na Santorini. (Efeso iko Uturuki, nje ya nchi za visa ya Schengen. Kwa hiyo visa ya msafiri wa kwetu na iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atatoka Ugiriki asiweze kurudi.) Lakini merikebu hiyo ina tabia moja iliyo ngumu, nayo ni kwamba haingoji mtu. Ndege ikikuacha huenda ukapewa nyingine. Merikebu ikishaondoka imeondoka, na fedha zako zimekwenda nayo. Kwa sababu hiyo wasafiri hufika siku moja au mbili mbele. Nasi tulifika Jumamosi, na ilikuwa heri, kwa maana mzigo wa Padre haukufika pamoja nasi. Uliletwa Jumapili, saa tano za usiku. Lau tungalifika Jumatatu asubuhi, Padre angalikwenda Patmo na kanzu moja.

Tulikuwa watu saba: Padre, walimu watatu, wake wa walimu wawili, na Bibi. Bibi ni mjane wa katekista wa kale wa mtaa wetu, umri wake miaka 74, na goti lake la kuume halikunjiki vema. Fedha za safari alizipata kwa kuuza nazi na vitumbua miaka mitano. Marehemu mumewe alikuwa akiwafundisha wakatekumeni sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, na Bibi alikuwa akiisikiliza kutoka jikoni, kila mwaka, hata akaijua kwa moyo. Siku tulipoanza kushauriana alituambia, “Wanangu, hiyo Santorini mimi siijui wala siitaki. Nipelekeni kwenye kile kilima cha Paulo, nikasomewe sura ile pale pale. Baada ya hapo nitieni merikebuni, nitoeni, ni shauri lenu.”

Mwalimu wetu mkuu alitaka tulale Piraeus. Mweka fedha wetu, ambaye hufundisha hesabu, alitaka tulale Omonia. Mwalimu wa tatu, ambaye ni mwanamke na hufundisha historia, alitaka Plaka, kwa kuwa aliisoma vitabuni tangu utoto. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, na hakuna aliyekuwa mpumbavu.

Ni lazima msomaji ajue kwanza kwamba Athene hauko pwani. Mji umejengwa bara kidogo, na bandari yake, Piraeus, iko upande wa kusini-magharibi, yapata kilomita 10. Katika karne ya tano kabla ya Kristo Waathene walijenga kuta mbili ndefu kutoka mjini hata bandarini, ili adui asiwatenge na bahari. Siku hizi nyumba zimejaa katikati, wala mgeni hajui mji mmoja unapokoma na mwingine unapoanza. Tena, jina la Athene katika tiketi ya merikebu halitoshi. Merikebu nyingine zilizoandikwa Athene huondokea Lavrio, bandari iliyo yapata kilomita 60 kutoka mjini. Ndivyo ilivyo pengine pia: merikebu ya Roma huondokea Civitavecchia, kilomita 70 na zaidi, na ya London mara nyingi huondokea Southampton, zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za vitanda, mtu aulize jina la bandari. Yetu ilikuwa Piraeus, nasi tulipeleka barua mara mbili ili tuwe na hakika.

Hoja ya mwalimu mkuu ilikuwa na nguvu: alalaye mlangoni pa merikebu hawezi kuachwa. Tukatafuta nyumba ya wageni huko, tukaipata, na tangazo lake lilisema ni hatua chache tu kutoka bandarini. Nalo halikusema uongo. Lakini bandari ya Piraeus ni kubwa mno, na milango yake yenye namba huanza E1 ikafika E12. Mingi ni ya vyombo viendavyo visiwani. Merikebu za matembezi hufunga upande wa mwisho, karibu na mdomo wa bandari, penye E11 na E12. Nyumba ile ilikuwa karibu na E2. Tulipotandaza ramani na kupima kwa uzi, tuliona kwamba hizo hatua chache zingetufikisha kwenye vyombo vya watu wengine, na kwamba merikebu yetu ingekuwa mbali, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu, na mizigo juu yake.

Hata hivyo hatuidharau Piraeus. Mtu afikaye usiku sana na kuondoka asubuhi yake, alale huko, asihangaike. Tangu Oktoba 2022 treni ya chini ya ardhi ya mstari wa buluu yatoka kiwanja cha ndege na kufika Piraeus pasipo kubadili, mwendo wa karibu saa moja. Zamani palikuwa na simba mkubwa wa jiwe bandarini pale, hata Waitalia wa Venezia wakamchukua mwaka 1687, naye yupo Venezia hata leo, mbele ya lango la ghala zao za silaha. Lakini sisi tulikuwa na Jumapili nzima mkononi, na Bibi na goti lake. Kumleta Areopago kutoka Piraeus ni kumpandisha treni na kumshusha, na kumrudisha vivyo hivyo, siku moja kabla ya safari.

Omonia ni rahisi kuliko kwingine, na mistari miwili ya treni, wa kijani na mwekundu, hukutana hapo. Ni mahali pa watu wengi na makelele mengi, na usiku haukosi watu wa kila namna. Hatusemi kwamba ni pabaya. Twasema tu kwamba tungekuwa tukitazama nyuma. Syntagma ni uwanja ulio mbele ya Bunge, ambalo hapo kwanza lilikuwa jumba la mfalme Otto. Askari wa zamu husimama pale, na vazi lao la sherehe lina sketi nyeupe zenye marinda ambayo kwa desturi husemwa kuwa 400, na mke wa mweka fedha alisema kwamba hangependa kuwa mpiga pasi wao. Treni ya kiwanja cha ndege hupita chini ya uwanja huo, na ile ya mstari mwekundu pia. Mahali pafaa sana, lakini bei zake zilitufukuza kabla ya kubisha hodi. Monastiraki ni sokoni, na jina lake maana yake ni nyumba ndogo ya watawa. Penye uwanja kuna kanisa la kale na msikiti wa mwaka 1759 vikitazamana. Tulipapenda, lakini vyumba vyote vya bei yetu vilikuwa juu ya mikahawa ifanyayo kazi hata usiku wa manane.

Ikabaki Plaka, mji wa kale ulio chini ya Akropoli. Hakuna mahali pazuri kupita Plaka. Vichochoro vyake ni vyembamba, na vingine si njia bali ni ngazi. Gari haliingii sehemu nyingi, na mkoba wa magurudumu juu ya mawe yale hupiga kelele kama ng'ombe wakipita darajani. Mwalimu wa historia alikuwa karibu kutushinda sote. Basi Padre akampata kwa simu mama mmoja wa kwetu, ambaye amekaa Athene miaka mingi akiwatunza wazee nyumbani mwao. Baada ya shikamoo na marahaba, mama yule hakuuliza tunalo kiasi gani, wala tunapenda nini. Aliuliza, “Padre, huyo Bibi anaweza kupanda ngazi ngapi?”

Padre hakujua. Hata mmoja wetu hakujua, na twasema hili kwa haya, kwa kuwa tulikuwa tumembishania Bibi miezi mitatu. Tukaenda kumwuliza. Bibi akafikiri, akasema, “Za kanisani ni nane, naziweza kila Jumapili. Za mnara wa kengele siziwezi.” Mama yule aliposikia akasema, “Basi tafuteni chumba ambacho toka kitandani hata barabarani hazizidi nane. Msiulize kama pana lifti, maana watawaambia ipo. Ulizeni ngazi kabla ya kuifikia hiyo lifti.” Akatueleza kwamba katika majumba mengi ya zamani ya Athene mtu huingia mlangoni, akapanda ngazi kadhaa za marumaru, ndipo akutane na lifti, nayo mara nyingi ni ya watu wawili na mkoba mmoja. Picha za matangazo hazionyeshi jambo hilo. Akatutajia Koukaki, mtaa wa nyumba za watu ulio kusini ya Akropoli, tusioufikiria hata kidogo.

Tukaandikia nyumba nne za Koukaki, tukauliza swali lile moja. Mbili hazikujibu. Moja ilijibu kwamba ngazi ni chache. Moja ilijibu: ngazi tano, zenye mkono wa chuma upande wa kushoto, kisha lifti. Tulichagua ile iliyohesabu.

Lakini bei yake ilizidi ya Omonia kwa euro 22 kwa kila chumba kwa usiku mmoja. Vyumba vinne, siku mbili, ni euro 176, na mweka fedha aliziandika ubaoni ili kila mtu azione. Tena pana kodi ya serikali ambayo haimo katika bei ya chumba, hulipwa pale pale. Kwa hoteli ya nyota tatu ilikuwa euro 5 kwa chumba kwa kila usiku katika miezi ya Aprili hata Oktoba. Pesa zetu zilikuwa zimehesabiwa zote. Mweka fedha akasema, “Kuingia Akropoli ni euro 30 kwa mtu. Saba mara thelathini ni 210. Tukiacha kuingia, vyumba vimelipwa.” Watu wakanyamaza. Sote tulimtazama mwalimu wa historia, aliyefundisha habari za hekalu lile la Parthenon miaka 19 pasipo kuliona. Akasema, “Nitaliona kutoka nje.” Hatukumshukuru wakati ule kama ilivyotupasa.

Jumamosi tukafika. Kiwanja cha ndege ki mbali na mji, yapata kilomita 35, na treni huchukua muda wa dakika 40 hata Syntagma, kwa euro 9. Hapo tulibadili, tukaenda kituo kimoja cha mstari mwekundu hata kituo cha Akropoli. Ngazi za nyumba zilikuwa tano. Bibi alizihesabu kwa sauti, na mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni, hakuelewa maneno lakini alielewa hesabu, akacheka.

Jumapili asubuhi tulisali katika Kanisa la Mtakatifu Paulo la Waanglikana, lililowekwa wakfu mwaka 1843, katika njia ya Filellinon karibu na Bustani ya Taifa. Alasiri tukaenda Areopago. Na hapa ndipo tulipofahamu yule mama alitutendea nini. Kutoka Koukaki kuna njia pana ya mawe, isiyopita magari, ipandayo polepole chini ya Akropoli, yenye mabenchi na miti. Jina lake ni Njia ya Dionisio Mwareopago, yule aliyeamini siku Paulo alipohubiri, pamoja na mwanamke aitwaye Damari. Bibi alitembea, akaketi, akatembea tena. Alipoambiwa jina la njia alisimama katikati yake, akauliza, “Na ya Damari iko wapi?” Hatukuwa na jibu.

Areopago si mlima. Ni mwamba mtupu mbele ya lango la Akropoli, juu yake yapata mita 115 kutoka usawa wa bahari, na hakuna kiingilio. Ngazi zake za kale zilichongwa katika mwamba wenyewe, nazo zimelainishwa na nyayo hata zateleza pasipo mvua. Kando yake wameweka ngazi za chuma. Chini, ukutani pa mwamba, kuna bamba la shaba lenye maneno ya Paulo kwa Kiyunani. Wenye elimu wengine husema kwamba Paulo hakusimama juu ya mwamba, bali mbele ya baraza lenye jina lile lile, lililokutana huko chini sokoni. Hatukumwambia Bibi habari hiyo, lakini Padre alisema baadaye kwamba ilimfariji, kwa maana Bibi alizitazama zile ngazi za chuma, akahesabu hata kumi, akaacha. Akaketi juu ya jiwe penye lile bamba. Padre akafungua kitabu, akasoma kuanzia mstari wa 16 hata mwisho. Watu wa mataifa mengi walipita wakitazama simu zao, na wengine wakasimama. Bibi midomo yake ilikuwa ikitangulia ya Padre.

Alipokwisha, Bibi akasema, “Mume wangu alidhani ni mlima mkubwa. Alikuwa akiinua mkono hivi.” Akainua mkono. “Kumbe ni jiwe.” Akakaa kimya kitambo. Mwalimu wa historia alikuwa amepanda juu peke yake, amelielekea lango la Akropoli na nguzo zilizo nyuma yake, karibu kabisa, na ukuta katikati. Tulipomwita alichelewa kushuka.

Jumatatu ilikuwa siku ya merikebu. Mizigo na watu iwe ndani kabla ya saa sita mchana, ndivyo ilivyoandikwa. Saa mbili asubuhi mwenye nyumba akatuambia kwamba kuna maandamano Syntagma, kituo cha treni kimefungwa, na njia za katikati ya mji hazipitiki. Mwalimu mkuu alimtazama mweka fedha, mweka fedha akatazama chini. Omonia iko ng'ambo ya uwanja ule. Sisi tulikuwa upande wa kusini yake, upande wa bahari. Teksi mbili zikatujia, zikashuka barabara kubwa ya Syngrou mpaka Faliro ufukoni, zikageuka kulia kwenda Piraeus, wala hazikuukaribia uwanja. Njiani Padre akatuambia kwamba Pausanias, Myunani aliyeandika habari za nchi yake katika karne ya pili, alitaja madhabahu za miungu isiyojulikana huko Faliro, kando ya bandari ya kale. Sote tukachungulia dirishani. Tuliona mitende, na gari la umeme lipitalo juu ya reli, na watu wakiogelea.

Saa nne tulikuwa mlangoni pa merikebu, na nafasi ya kupumua. Walioshuka baada yetu, wageni wa Kizungu waliolala katikati ya mji, walikuja wakikimbia, na mmoja wao ameshika kiatu mkononi.

Merikebu ilipokuwa ikitoka bandarini tulimpandisha Bibi kwa lifti hata juu, tukamwonyesha mji. Siku ilikuwa nyeupe, na Akropoli ilionekana, ndogo, juu ya nyumba. Bibi akatia mkono katika mkoba wake kutafuta miwani, akatoa ufunguo wa chumba cha Koukaki, wenye kibao chake cha mti na namba. Mweka fedha akauliza itagharimu kiasi gani kuurudisha. Tuliutia posta Patmo, siku ya tatu, na mwalimu wa historia ndiye aliyelipa stempu.